Mchumba wangu anataka mama yangu anyamaze siku ya posa

Anti, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Dar es Salaam, ninakofanya kazi katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Wateja wetu wengi ni wafanyabiashara wa Lubumbashi, nami ni mtoto wa hukohuko. Mama yangu ni Mbemba wa upande wa Kasenga, kando ya mto Luapula. Marehemu baba alikuwa Mluba aliyekuja mjini kufuata kazi ya mgodi. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili, na nyumbani hatukuwa na nyingine. Kwa Kiswahili hicho mama alitubembeleza na kutugombeza, na baba alipofariki akauzia samaki sokoni kwa Kiswahili hichohicho, akatusomesha.

Nina mchumba, muuguzi, binti mpole na mwenye akili. Asili yao ni Tabora, ila wamekaa Temeke tangu kabla hajazaliwa. Baba yake ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mzee anayeheshimika mtaani, na watu humletea hata kadi za harusi azisahihishe kabla hazijachapwa. Mimi amenipokea vizuri. Nimekaa hapa miaka ya kutosha, Kiswahili changu kimebadilika, na nikiongea kwa uangalifu wapo wasiojua kwamba mimi ni mgeni.

Tatizo lilianzia kwenye simu. Mzee alikuwa amesumbuliwa na presha, mama akapiga kumjulia hali. Aliyepokea ni shangazi wa mchumba wangu, dada mkubwa wa mzee, akaweka spika ili wote tusikie. Mama alisalimia, kisha akauliza: "Baba banapona?" Shangazi akacheka, akasema, "Kwani hapa baba wako wangapi?" Sebule nzima ikacheka. Mama naye akacheka kule alikokuwa, akidhani wamefurahi kusikia sauti yake. Halafu akasema, "Mutume picha ya mutoto, nimuone," akimaanisha mchumba wangu. Simu ilipokatika shangazi akasema: "Ameshaanza kutuamrisha. Watu wa kule wanasemaga tu, Kiswahili chao hakina sarufi." Mzee alikuwa chumbani amepumzika. Sijui kama alisikia.

Sasa siku ya kupeleka posa na familia kutambulishana inakaribia. Mjomba wangu anakuja, na tumepata mshenga, mtu mzima wa hapa Dar. Mama anakuja kwa basi, kupitia Kasumbalesa hadi Tunduma na kuendelea. Amesema kwa kuwa baba hayupo, maneno ya kumwomba binti atayatamka yeye mwenyewe. Ameshayapanga, na kila nikimpigia ananisomea: "Siye tunakuya kwenu na heshima. Tunaomba mutoto yenu. Tutamuchunga sawa mutoto yetu."

Mchumba wangu amenijia na pendekezo. Anataka mama akae tu, asiseme kitu, mshenga ndiye azungumze. Wakiuliza, tuseme mama anajua Kifaransa peke yake. Mama hajui Kifaransa zaidi ya salamu. Nilipokataa mchumba alilia. Alisema simwelewi, kwamba kicheko kile kitamwandama yeye kila msiba na kila harusi ya ukoo wao, maana mimi nitakuwa kazini na yeye ndiye atakayekaa jikoni na hao shangazi.

Anti, nikimwambia mama anyamaze atanyamaza, namjua. Ila nahofia hatafungua kinywa tena katika nyumba yangu. Nikimwacha aseme, nahofia kumpoteza mchumba, au kumpeleka mama mbele ya watu waliokwishajiandaa kucheka. Kisha kuna jambo linaloninyima usingizi. Shuleni nilifundishwa sarufi ya Kifaransa. Ya Kiswahili sikuikalia darasani hata siku moja. Je, ni kweli Kiswahili cha mama yangu hakina sarufi? Kama ni kweli, labda nang'ang'ania kitu kisicho na msingi.

Mtoto wa Lubumbashi, Dar es Salaam

ANTI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ina mambo mawili yaliyosukwa pamoja. La kwanza ni la nyumba mbili zinazotaka kuwa ukoo mmoja: mama mjane anataka kumwombea mwanawe mke kwa kinywa chake, na binti anayependwa anaogopa kicheko cha watu wake mwenyewe. Wewe umesimama katikati na wote wawili ni wako. La pili umeliweka mwishoni kama swali la pembeni, nalo ni hilo la sarufi. Nitaanza nalo, kwa sababu naona ndilo linalolibeba la kwanza. Ikiwa mama yako anaokota maneno na kuyarusha bila utaratibu, kumfichia aibu kunaweza kuonekana ni huruma. Ikiwa anao utaratibu, basi tunachozungumzia hapa ni kumnyima mtu mzima nafasi ya kusema jambo analolijua vizuri.

Yasome tena maneno ya shangazi kama ulivyoniandikia: "Watu wa kule wanasemaga tu." Hiyo -ga mwishoni haimo katika sarufi ya shule. Darasani tunafundishwa kusema "husema." Lakini ukiishi Tanzania unaisikia kila siku, naendaga, anakulaga, tunakutanaga, hasa kwa watu wenye asili ya Unyamwezi na Usukuma, kwa kuwa lugha zao zina kiambishi cha namna hiyo cha kuonyesha jambo la mazoea. Sasa mwulize mama yako angelisemaje jambo hilohilo. Atakwambia "banasemaka." Wataalamu wa lugha za Kibantu huviweka viambishi hivyo viwili kwenye asili moja ya kale. Na vinafanya kazi ambayo "husema" haiifanyi. Ukisema "husema" hujataja nani: yaweza kuwa mimi, wewe au wao, mpaka uongeze neno jingine. "Wanasemaga" na "banasemaka" vinataja mazoea na wenye mazoea kwa pamoja.

Sikupi habari hii ukamrudishie shangazi kama jiwe. Nakupa ili uone kwamba mama yako na shangazi wa mchumba wako wamekutana katika kiambishi kimoja bila wao kujua.

Tunaposema sarufi, wengi wetu tunawaza kitabu, kalamu nyekundu na mwalimu aliyekasirika. Kitabu kinakuja baadaye. Sarufi yenyewe ni utaratibu ulio kichwani mwa msemaji, unaomwezesha mwenzake kujua nani amefanya nini, lini, na kwa moyo gani. Ukitaka kujua kama mtu anao, tazama kama anafuata mpango wake mwenyewe bila kuyumba. Kiswahili cha kwenu kinasema "katoto kanalia," na wakiwa wengi "tutoto tunalia." Mama yako hawezi kusema "tutoto kanalia," sikio lake litakataa kabla hajamaliza. Sikio hilo linalokataa ndilo sarufi. Hata hilo "mutoto yenu" analokusomea kwenye simu lina njia yake. Katika Kiswahili sanifu tunasema mtoto wangu, lakini tunasema baba yangu, mama yangu, dada yangu, na hakuna anayeshangaa. Kiswahili cha Lubumbashi kimeichukua ile "yangu" ya baba na dada kikampa na mtoto.

Nije kwenye "Baba banapona?", maana hapa ndipo nilipoumia niliposoma. Kibemba, lugha aliyozaliwa nayo mama yako, humtaja mtu mzima mmoja kwa wingi ili kumpa heshima. Kumtaja mkubwa kwa umoja ni kumteremsha. Wewe uliyesoma kwa Kifaransa unalijua jambo hili, kwani Mfaransa naye humwita mtu mmoja anayemheshimu kwa kiwakilishi cha wengi. Kwa hiyo mama alipouliza kama baba "banapona" alikuwa amemwinua mzee hadi mahali pa juu kabisa panapopatikana katika lugha yake. Na "mutume picha," aliyoielekeza kwa shangazi peke yake, ni heshima ileile ya wingi. Shangazi alisikia hesabu isiyo sahihi, ikafuatwa na amri. Mama alituma heshima mara mbili, na mara mbili haikufika.

Ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba sarufi haina umuhimu na mama aseme apendavyo. Ina umuhimu mkubwa, kwa sababu umbo la sentensi hubeba uhusiano wa watu. Fikiria Kiswahili chetu hiki cha Dar. "Mzee amefika" na "kizee kimefika" vinaeleza tukio moja, mtu mmoja, mlango mmoja. Lakini ki- moja imemvua mtu utu wake. Dukani hapa tunasema "naomba maji" hata kama hela iko mkononi. Anayesema "nipe maji," mgeni kutoka bara au kutoka Kenya, husikika kama mtu aliyelelewa vibaya, na kumbe kwao hiyo ni sentensi ya kawaida kabisa. Shangazi wa mchumba wako hakubuni ile hisia ya kuamrishwa. Masikio yake yamelelewa na "naomba," na "naomba" haikuja.

Mtaalamu mmoja wa lugha, Mwingereza aliyeitwa M. A. K. Halliday, aliyefariki mwaka 2018, aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba kila sentensi inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: inaeleza jambo, inawapanga wasemaji katika uhusiano fulani, na inajifunga na maneno yaliyotangulia na yanayofuata ili yawe mazungumzo. Ukiipima sentensi ya mama kwa kazi hizo, nadhani utatulia kidogo. Jambo lenyewe halina ukungu: tumekuja, tunaomba, tutamchunga. Hakuna Mswahili kutoka Lamu hadi Kigoma atakayeshindwa kulielewa. Uhusiano nao umepangwa vizuri, na tazama mama alivyochagua nafsi. Hakusema "mwanangu anataka kuoa." Alisema "tunaomba," akawaweka marehemu, mjomba, na ukoo wote ndani ya ile tu-. Na sentensi ya tatu inairudia "mutoto" ya sentensi ya pili, ila safari hii ameibadilisha kutoka "yenu" kuwa "yetu." Mama yako amemhamisha binti kutoka nyumba moja kwenda nyingine kwa kubadili kimilikishi. Wapo wanaolipwa kuandika hotuba na hawafiki hapo.

Bronislaw Malinowski, mtafiti mzaliwa wa Poland aliyeishi na watu wa visiwa vya Trobriand huko Bahari ya Pasifiki, aliandika mwaka 1923 kwamba sehemu kubwa ya maneno ya binadamu haipelekei mtu habari yoyote, kazi yake ni kuwaunganisha watu. Sisi tuliozaliwa katika salamu ndefu hatuhitaji ushahidi. Mtu anaumwa, ukimuuliza habari za asubuhi anajibu nzuri, na hakuna aliyedanganya. Siku ya posa iko hivyohivyo. Kila mtu sebuleni atakuwa anajua mmefuata nini, jibu mara nyingi limeshapikwa, na bado maneno lazima yatamkwe, kwa kuwa bila kutamkwa jambo halijafanyika. Kwa hiyo swali la siku ile ni kama wakwe watasikia wanaheshimiwa, na kama mama atatoka akihisi amemwombea mwanawe kweli.

Sasa habari ya "hakina sarufi," maana naona imekuingia. Hiki Kiswahili tunachokiita sanifu kilichaguliwa. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilifanya kazi juu ya msingi wa Kiunguja. Kimvita cha Mombasa na Kiamu cha Lamu, vyenye tenzi za karne nyingi, vikaachwa pembeni, na wenyewe hawakuamka asubuhi wakiwa hawana sarufi. Mama yako anasema "kuya" na "moya." Mtu wa Lamu anasema vivyo hivyo. Na Kiswahili cha Katanga, eneo la kwenu Lubumbashi, kilifika huko kwa miguu ya watu wa huku. Msiri, mfalme aliyeitawala Bunkeya hukohuko Katanga hadi alipouawa mwaka 1891, alikuwa Mnyamwezi, na misafara ya biashara iliyopita Tabora ndiyo iliyoisambaza lugha hii kuelekea magharibi. Baadaye migodi ya shaba ikawakusanya watu wa makabila mengi, nao wakaijenga upya kwa mahitaji yao, kama wazazi wako walivyofanya ndani ya nyumba moja. Leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo. Mwaka 1965 watu waliokuwa watumishi wa majumbani mwa Wazungu waliiandika historia ya mji wenu, wakati huo ukiitwa Élisabethville, kwa Kiswahili hichohicho cha mama yako.

Hayo yote hayaishushi kazi ya baba mkwe wako. Kiswahili sanifu kinamwezesha mtoto wa Tunduma na wa Pemba kufanya mtihani mmoja na kusoma gazeti moja, na mzee amekitolea maisha yake. Namheshimu. Ila kufaa kwa mtihani ni kazi moja ya lugha, na posa ni kazi nyingine.

Hapa nikuulize maswali machache, mwanangu, na usinijibu mimi.

Nani amesema kwamba mzee atachukia? Aliyecheka ni dada yake, na mzee hakuwepo sebuleni. Wewe na mchumba mmempa mwalimu huyu hukumu ambayo hajaitoa. Mtu aliyefundisha Kiswahili miaka yote hiyo amewahi kukutana na habari za lahaja, na huenda yeye ndiye mtu wa kwanza katika nyumba ile atakayejua "banapona" imetoka wapi. Inawezekana pia nikawa nakosea, akawa mkali zaidi ya dada yake. Lakini hamjamuuliza.

Na mchumba wako, una hakika anamwonea mama aibu? Mimi nilisoma maneno yake nikaona woga zaidi ya dharau. Yeye ni muuguzi, kila siku anasikilizia maumivu ya watu katika Kiswahili cha kila namna na anawaelewa. Anachokijua yeye, na wewe hukijui, ni jinsi mzaha mmoja unavyoweza kuishi ndani ya ukoo, ukarudiwa kila mwaka mpaka ukawa jina la mtu. Ametaka kumkinga mama yako, au kujikinga, na huenda hajui mwenyewe ni lipi kati ya hayo. Alipolia ulikuwa umeshamkatalia. Hukuniandikia kama ulimwuliza anaogopa siku gani hasa, mahali gani, na mbele ya nani.

Tuyapitie mnayoweza kuyafanya.

Hilo la Kifaransa mlitazame vizuri. Shangazi ameshamsikia mama kwenye simu akiongea Kiswahili, na sebule nzima ilisikia. Mkisema siku ile kwamba hajui, mtakuwa mmewaambia wakwe uongo kwenye siku ya kuombana ukweli, na mama atakuwa ameketi akilindwa na lugha asiyoijua. Akisalimiwa Kifaransa na mtu yeyote aliyekisoma, atafanya nini?

Mshenga kusema peke yake si jambo la ajabu. Nyumba nyingi za hapa ndivyo zinavyofanya: mshenga na wazee wa kiume hubeba maneno, akina mama hukutana chumbani, na huko husemwa mengi ya maana kuliko sebuleni. Kwa njia hiyo ukimya wa mama unaweza kuwa wa heshima. Lakini itategemea umeuelezaje. Akiambiwa "huku desturi ni hii, mama, wewe ungependa nini?" hilo ni jambo moja. Akiambiwa anyamaze, halafu miaka miwili baadaye akasikia kwa mtoto wa shangazi sababu halisi, hilo ni jingine. Hukumtaja mama mzazi wa mchumba wako. Kama yupo, mama wawili wakikaa pamoja pembeni kunaweza kufungua mlango ambao sebule haitaufungua.

Unaweza pia kumfundisha mama maneno mawili matatu ya huku. Watu wengine hufurahi sana kwa hilo, huona wamepewa ufunguo wa nyumba ya wenyewe. Neno "naomba" likitangulia ombi lolote, na "shikamoo" kwa waliomzidi umri, vitamsaidia kufikisha heshima aliyonayo tayari. Ukivuka hapo, ukambadilishia sentensi nzima, atakariri. Mtu anayekariri husikika, na wakimuuliza swali asilolitarajia atatafuta maneno yako badala ya yake.

Au aseme kama alivyopanga, na mshenga atangulie kwa maneno mafupi, kwamba kwao mzee mmoja hutajwa kwa wingi kwa kuwa ni mkubwa. Hilo lina hatari yake. Likielezwa kirefu mama anageuka kitu cha kutazamwa. Na bado mtu anaweza kucheka, kuna watu hucheka kwa mazoea tu. Mtakuwa mmekubaliana nini, wewe na mchumba, kicheko kikitokea? Nani atalishika neno kwanza? Kama angekuwa binti wa nyumba ile mwenyewe, akaitikia kwa mama yako kabla ya mtu mwingine kuvuta pumzi, sebule ingekuwa nyingine. Lakini huwezi kumlazimisha, na akiombwa akaona ni mtihani wa mapenzi, mtakuwa mmefungua ugomvi mpya.

Njia ya mwisho ninayoiona ni kumwendea mzee kabla ya siku, bila habari za simu wala za dada yake, maana ukifika hapo utakuwa umekwenda kumchongea mtu kwa kaka yake. Mwendee kama mwanafunzi. Mwambie mama yako anakuja, anasema Kiswahili cha Katanga, na ungependa ajue anavyotoa heshima. Ukiwa na mchumba ni vizuri zaidi. Hatari ni kwamba akikujibu vibaya utakuwa umelijua jambo ambalo pengine usingetaka kulijua kabla ya posa, na itakubidi uamue cha kufanya nalo.

Katika yote haya kuna mtu mmoja ambaye hamjamshirikisha. Mama yako amezika mume, ameuza samaki kati ya watu wa makabila yote na kusomesha watoto. Huenda anajua zaidi ya unavyodhani jinsi Kiswahili chake kinavyosikika nje, kwani amekutana na madereva wa Tanzania na Zambia maisha yake yote. Huenda alicheka kwenye simu kwa sababu alielewa, akaamua kulipitisha. Mimi sijui. Wewe ni mwanawe, unaweza kumuuliza kwa upole, bila kumrudishia maneno ya shangazi neno kwa neno.

Zungumza na mchumba kwanza, mkiwa wawili, mahali pasipo na haraka, na umwache amalize kuogopa kwa sauti. Kisha mmuone mshenga, kwa sababu yeye ndiye atakayeipanga sebule na anapaswa kujua nani atasema baada ya nani. Na mtakaloliafiki, mama aambiwe kabla hajapanda basi Lubumbashi. Safari ya Kasumbalesa hadi Dar ni ndefu, na atakuwa anayarudia maneno yake njia nzima.